Tarehe Kumi na Nane Haipo

Kiwandani wanamwita Mzee Nukta, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Mafundi wa mashine walimbandika enzi zile, siku alipozuia karatasi elfu tatu zisiingie mashineni kwa sababu ya nukta moja iliyokaa mahali pa mkato. Walimnunia wiki nzima. Hasira ikaisha, jina likabaki, na leo hata Sista Mkurugenzi, mtawa anayesimamia kiwanda hicho cha uchapaji cha Kanisa, humwita hivyo hivyo mbele ya wageni. Mimi namwita baba. Ni binti yake wa pili, nauza vipuri vya baiskeli, na niseme mapema kwamba Jumapili naenda kanisani nisipokuwa na uvivu. Kwa hiyo asinitafute mtu anayetaka kusimuliwa na mtakatifu.

Kazi ya baba ni kusoma prufu, yaani zile kurasa za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa. Anatafuta makosa, anayatia alama, na ukurasa ukiwa safi anaweka saini ya kalamu ya bluu kwenye pembe ya chini. Bila saini hiyo mashine haiwashwi. Miaka thelathini na mmoja amekaa kwenye meza ileile, karibu na dirisha, na taa ya kuinamisha na rula ya mbao ya kufunika mistari ambayo zamu yake haijafika. Kazi kubwa kuliko zote ni kalenda ya kila mwaka, lile bunda nene la ukutani: siku moja karatasi moja, ukiamka unachana. Kila karatasi ina tarehe, rangi ya liturujia, masomo ya Misa ya siku hiyo na mtakatifu wake.

Zamani prufu zilisomwa na watu wawili. Mmoja anashika nakala ya mwandishi na kuisoma kwa sauti, alama zote akizitamka, mwingine anafuata kwa macho. Aliyekuwa akimsomea baba ni mama. Walikutana pale pale mezani wakaoana, na kwa zaidi ya miaka ishirini mama alisoma Neno la Mungu kwa sauti pamoja na mikato yake yote. Sisi watoto tulikuwa tunamvizia kwenye sala ya chakula. "Ee Bwana, mkato, utubariki..." Tunaangua kicheko, baba anajikohoza ili asicheke, chakula kinapoa.

Nyumbani hakuna aliyekunywa chai kabla ya masomo ya siku. Baba alisoma somo la kwanza, mama akasoma zaburi, sisi tukaitikia kiitikio na tongotongo machoni, kisha baba akasoma Injili. Halafu mama alifungua kitabu cha watakatifu, kitabu kizee kilichopoteza jalada, akatueleza habari za mtakatifu wa siku hiyo kama anayemsema jirani. "Huyu baba yake alikuwa na mali lakini mkali huyo, usiombe." Mwisho alitoa kazi. Kila mtakatifu alikuwa na kazi yake. Siku ya Mtakatifu Martino, yule aliyekata joho lake akamgawia maskini, baba alivua sweta yake akampa mlinzi wa kiwanda, na kesho yake mlinzi akairudisha kwa sababu ilimbana kwapani. Siku ya Mtakatifu Yohane Vianney, ambaye alisikiliza maungamo ya watu kutwa nzima, ilibidi tumsikilize jirani yetu mwenye maradhi mengi hadi amalize mwenyewe. Hakuwahi kumaliza. Siku ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu ilikuwa lazima ufanye jambo jema ambalo hakuna atakayeligundua; mimi niliosha sahani ya dada yangu, kisha nikalitangaza hadi jioni.

Mama alikufa Ijumaa, tarehe kumi na nane Juni, saa nne asubuhi, akiwa anapiga pasi. Presha. Asubuhi hiyo alikuwa ametazama kalenda: siku ya kawaida, rangi ya kijani, hakuna mtakatifu anayelazimika kukumbukwa. "Leo hatuna mgeni," akasema, akafunga kitabu. Ni mimi niliyempigia baba simu kiwandani. Alinijibu, "Haya, nakuja," kama nimemwambia mvua inataka kunyesha na nguo ziko nje.

Hakulia hospitali, wala makaburini. Wanajumuiya walikuja kusali rozari siku tisa, na kila akitoka mmoja ananong'ona mlangoni, "Mzee ana imani huyu, jamani." Nilitamani kumrushia mtu kiti. Imani gani? Baba alikuwa amekufa ganzi. Alikunywa chai isiyo na sukari hadi tone la mwisho bila kujua. Siku moja aliegemeza mkono kwenye sufuria ya moto, akautazama, akauondoa taratibu kama anayeokota kitabu cha mtu. Nikafunga chumba changu cha kupanga nikarudi kuishi naye, maana niliona ataunguza nyumba nzima huku akiitazama.

Lakini masomo hakuyaacha hata siku moja. Alisoma somo la kwanza. Zamu ya zaburi ikifika alinyamaza, kwa muda uleule ambao mama angeutumia kuisoma, kisha akasoma Injili. Mimi nilikaa hapo. Ningeweza kuisoma ile zaburi, macho ninayo na kusoma najua, ila sikuthubutu kuiingilia nafasi ile, naye hakuniomba. Baada ya hapo alifungua kitabu cha watakatifu, akasoma kimya, akaenda kufanya kazi ya siku hiyo kama mtu anayefunga madirisha jioni.

Mwezi wa nane nilimuuliza kama ile sala inamsaidia. Alifikiri sana.

"Ni kama kupiga simu kwenye nyumba ambayo watu wamehama," akasema. "Inaita tu."

"Sasa unapiga ya nini?"

"Ndiyo namba niliyonayo, mwanangu."

Mwezi wa kumi akasoma prufu za kalenda ya mwaka unaofuata, peke yake. Ikachapwa, ikasambazwa parokia zote, na kwa miezi miwili watu wakachana karatasi zao kwa amani. Mwishoni mwa Februari msichana mmoja aliyechumbiwa alitaka kuona harusi yake itaangukia siku gani ya liturujia, akafunua hadi Juni. Kumi na saba ipo. Inayofuata ni kumi na tisa. Akadhani bunda lake ndilo bovu, akaenda kwa mama mkwe mtarajiwa, akaenda kwa katekista, akaenda kwa Paroko. Nchi nzima ilikuwa haina siku ya kumfungia ndoa. Nasikia alilia kweli.

Kiwandani hapakukalika. Anayepanga kurasa kwenye kompyuta ni mwanamke mmoja tunayemwita Mama Pacha, analea mapacha wake wa miaka minne peke yake, na ni mchapakazi hadi anakera. Yeye ndiye aliyeuruka ukurasa ule wakati wa kupanga, ila hakujua, na hata alipoulizwa hakuwa na la kusema zaidi ya kuapa kwamba hajui. Sista Mkurugenzi naye alikuwa na hoja moja, na kwa wote pale ilikuwa haipingiki. Mzee Nukta hawezi kutia saini kwenye kalenda yenye pengo. Kwa hiyo ukurasa ulikuwepo aliposoma, na Mama Pacha ameuchezea baada ya saini, jambo ambalo pale kiwandani mtu hasamehewi. Akaambiwa akae nyumbani, kikao cha kumwondoa kazini kitakaa Jumatatu ya juma la pili la Kwaresima.

Niliposikia nilimtania baba. "Mwombe Mtakatifu Antoni, si ndiye wa vitu vilivyopotea? Mwambie atutafutie Jumamosi moja." Hakucheka. Nikadhani ni ganzi yake ile ile.

Jumanne ya juma la kwanza la Kwaresima ilikuwa siku ya Mtakatifu Yohane wa Mungu, muuza vitabu aliyeingia kwenye hospitali inayoungua akawabeba wagonjwa mgongoni. Mchana baba alienda hospitali, akaomba kusukuma viti vya magurudumu, akawapeleka watu sita kupigwa picha za mifupa. Aliniambia hivyo hivyo jioni, watu sita, sauti haipandi wala haishuki. Nikashikwa na hasira sijui ilikotoka.

"Unasukuma wagonjwa usiowajua, na Mama Pacha je? Si ungeenda hata kumwambia pole? Kila mtu anajua kosa linaweza kukupita hata wewe. Umemzika mke, baba, hakuna atakayekulaumu. Sema tu kwamba ulipitiwa."

Alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kulimenya.

"Sikupitiwa," akasema. "Niliiona."

"Uliona nini?"

"Kwamba haipo. Kumi na saba, halafu kumi na tisa. Niliiona siku ileile. Nikakaa nikaitazama. Nikasema, basi, isifike. Nikatia saini."

Mtu aliyewahi kununiwa na kiwanda kizima kwa ajili ya nukta ameona siku nzima haipo, akaipitisha kwa kalamu yake. Nilimfokea. Nilimuuliza anajisikiaje kumwona mwenzake anasulubiwa kwa saini yake. Akaniambia ndiyo shida yenyewe, hajisikii. Kila asubuhi anaamka akidhani leo dhamiri itamchoma, aende akaseme, na haimchomi.

"Nangoja nisikie vibaya," akasema. "Nikisikia nitaenda."

"Na usiposikia hadi Jumatatu?"

Alinipa nusu ya chungwa. Nikaikataa nikaenda kulala nikiwa na njaa na hasira, na ukweli ni kwamba nilimwogopa. Niliogopa kwamba nimebaki bila mama na bila baba, na kwamba huyu anayenipa chungwa ni mtu mwingine tu aliyevaa koti la baba. Jumatano na Alhamisi tulisemeshana kwa lazima. Kikombe hiki hapa, ufunguo ule pale.

Ijumaa alichana karatasi, akakaa, akasoma. Somo la kwanza, kile kimya chake, kisha Injili. Masomo hayo ameyasahihisha zaidi ya mara thelathini, anayajua hadi mahali kila mstari unapokatika. Ilikuwa ile sehemu ambapo Bwana anamwambia mtu aliyefika na sadaka yake altareni, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka hapohapo, aende kwanza wakapatane, ndipo arudi. Baba alifika hapo akasimama. Akachukua rula, akaiweka chini ya mstari, akausoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anatafuta kosa.

Akaondoa rula, akainuka, akavaa viatu.

"Chai yako," nikasema.

"Nikirudi."

"Umesikia vibaya, baba?"

"Hapana." Alikuwa anafunga kamba za viatu, hajaniangalia. "Sijasikia kitu. Ila nimeangalia vizuri. Imeandikwa aende kwanza. Haikuandikwa asikie kwanza."

Nikamfuata na funguo za duka mkononi. Wateja wa asubuhi wangejijua.

Mama Pacha anakaa vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, mlango wa bluu, beseni la nguo mbele. Mapacha walikuwa kizingitini wakigombania ndala moja. Alipotuona alijifuta povu mikononi, akamwamkia baba kwa adabu zote, na macho yake yalikuwa yamevimba. Alidhani tumekuja kumpa pole. Akasema, "Karibu Mzee, karibu ndani, samahani kwa fujo." Baba hakuingia. Aliongea palepale nje, amesimama wima kama msomaji kwenye mimbari.

"Ukurasa ule wewe mwenyewe uliuruka wakati wa kupanga. Kosa hilo ni lako na ni dogo. Mimi niliona haupo, nikatia saini. Hukuchezea chochote baada yangu. Nakwenda kumwambia Sista sasa hivi, lakini nimeona nianze kwako."

Mama Pacha alimwangalia, akaniangalia mimi, akamrudia yeye.

"Uliona?"

"Niliona."

"Wiki mbili hizi Mzee umekaa unajua? Wanangu wanaitwa watoto wa mwongo huko shule ya awali, na wewe unajua?"

"Nilijua."

"Nimekukosea nini mimi?" Sauti ilipanda, fundi cherehani akasimamisha mashine yake. "Niambie basi, nimekukosea nini? Mimi ndiye niliyekuwa nakutetea! Wanasema umezeeka, nasema hapana, Mzee yuko sawa! Kwa nini?"

Nilitaka kumjibia, nikajizuia.

"Ni siku aliyokufa mke wangu," akasema. "Sikutaka ifike."

Hilo neno, alikufa, lilikuwa halijamtoka kinywani tangu Juni. Ilikuwa siku zote mama yako alipoondoka, mama yako hayupo, tulipompumzisha. Nilidhani Mama Pacha atalainika. Hakulainika hata kidogo. Alivuta pumzi kwa pua, akamshika pacha mmoja aliyekuwa anamng'ata mwenzake, na akazungumza kwa sauti ya chini yenye hasira kuliko ile ya kwanza.

"Mimi mama yangu alikufa asubuhi ya Pasaka," akasema. "Unajua kazi ya kalenda naianzia wapi, Mzee? Unajua vizuri. Naanza na Pasaka. Natafuta inaangukia lini, naiweka, ndipo nahesabu kurudi nyuma nipate Majivu, nahesabu kwenda mbele nipate Pentekoste. Haikai tarehe moja hata ningetaka kuikwepa. Kila mwaka naitafuta mwenyewe, naiweka kwa mkono wangu. Miaka saba sasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Fundi cherehani hakuwasha mashine.

"Unafanyaje?" baba akamuuliza. Aliuliza kweli, kama anayeuliza njia.

"Naiweka," akasema Mama Pacha. "Halafu naenda ukurasa unaofuata. Sasa nenda kwa Sista, mimi nina nguo."

Kwa Sista nilibaki nje kwenye benchi. Niliona kupitia kioo Sista anavua miwani, anaivaa, anaivua tena. Baadaye baba aliniambia maneno machache ya Sista: kwamba miaka yote aliidhinisha kalenda bila kuisoma, kwa kuiamini ile saini, na kwamba kuanzia siku hiyo baba apumzike, prufu zitasomwa na mtu mwingine. Kikao cha Jumatatu kilikaa kumrudisha Mama Pacha kazini na kumwomba msamaha. Baba alirudisha ufunguo wa meza. Taa ya kuinamisha ilikuwa ya kiwanda. Rula ilikuwa yake. Siku ya pili asubuhi alisoma masomo yake, akakaa na nguo za kazini kwa mazoea, hana pa kwenda. Nikamchukua dukani. Anapanga sipoku za magurudumu kwa urefu, na wateja wanasema duka limekuwa na nidhamu.

Juma lililofuata, Jumamosi mchana, Mama Pacha alikuja nyumbani na mapacha wote wawili, wamevaa viatu safari hii. Kiwanda kiliamua kuchapa karatasi moja moja ya siku iliyokosekana na kuituma kila parokia, watu waichomeke wenyewe kwenye mabunda yao. Alitoa prufu kwenye bahasha akaiweka mezani. Hakuwa na uso wa upatanisho. Alikuwa na uso wa kazi.

"Sista amesema hii utaisoma wewe," akasema. "Nyingine hapana. Hii tu."

Baba alivuta kiti. Akaisoma mara ya kwanza akishusha rula mstari mmoja mmoja, akasoma mara ya pili kutoka chini kwenda juu, kama wanavyofanya wanapotaka macho yasidanganyike na maana. Mara ya tatu alitazama tu. Jumamosi. Kumi na nane. Kijani. Masomo mawili, zaburi katikati. Mapacha walikuwa chini ya meza wakihesabu vidole vya miguu yake kwa sauti, na mmoja alikuwa anakosea. Akachukua kalamu akatia saini pembeni, polepole, herufi zote.

"Haya," akasema. "Ifike."

Sijui kama alisikia kitu aliposema hivyo. Uso wake ulikuwa uleule wa miezi tisa. Mama Pacha alirudisha karatasi kwenye bahasha akashukuru, na mimi niliyekuwa nimesimama na birika mkononi nikaanza kulia kwa sauti, kilio kibaya cha kamasi, mbele ya watoto wa watu. Baba alinitazama. Akaweka kalamu chini, akaanza kujipapasa akitafuta leso, mfuko wa shati, wa koti, wa suruali, akarudia wa shati. Hakuwa nayo. Akainuka, akanipokonya birika lisije likaniunguza, na akanifuta uso kwa kiganja chake.